Uzi maalumu: simu za matapeli. Acha kukariri namba, sikiliza unachoagizwa ufanye

Wakala wa Kona (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, Mbagala, Dar es Salaam. Naandika kwa sababu mambo haya yanaishia dirishani kwangu. Mteja anakuja simu iko sikioni, hasalimii, anasukuma noti na kikaratasi chenye namba: "Niwekee hiyo haraka." Nikimuuliza ni namba ya nani, ananikunjia uso na kuninyamazisha kwa mkono. Aliye upande wa pili anasikia kila neno, na ameshamwagiza asikate simu wala asiongee na wakala. Hapo nina nusu dakika tu ya kumwokoa.

Humu kuna nyuzi nyingi za "jihadharini na namba hii". Nia ni njema, lakini namba ya tapeli haidumu. Na laini zenyewe mara nyingi zimesajiliwa kwa vidole vya watu wengine: mama wa kijijini anaambiwa na msajili wa mtaani "kidole hakijasoma, rudia", kumbe cha kwanza kilisoma vizuri na hicho cha pili kimetoa laini nyingine kwa jina lake. Ndiyo maana simu hizi hazikukoma hata baada ya usajili wa alama za vidole na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020. Ukitaka kujua kama kuna laini usiyoijua chini ya kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#. Ukiikuta, nenda dukani kwa kampuni husika ikafutwe, tena usiache hadi kesho, maana laini hiyo ikitumika kuiba, jina la kwanza kutafutwa ni lako.

Kwa hiyo mimi namba siiangalii sana. Hata namba uliyoihifadhi inaweza kuigizwa kwa simu zinazopitishwa kwenye intaneti. Ninachosikiliza ni kile mtu anachotaka ufanye ukiwa bado uko hewani. Ukiambiwa ufanye jambo sasa hivi, usikate simu, na usimshirikishe mtu yeyote, basi hapo umeshapata jibu. Hakuna benki, hospitali, shule wala kampuni ya simu yenye sababu ya kukukataza ukate halafu uwapigie mwenyewe.

Nianze na ile inayoniuma zaidi. Inaingia saa nne asubuhi, mtoto yuko shuleni na mzazi yuko kazini. Anatajwa mtoto kwa jina. "Mama, mimi mwalimu wa zamu. Usishtuke, mtoto ameanguka hapa, damu zinamtoka puani, tumemkimbiza hospitali. Ongea na daktari." Simu inapokewa na mwingine, sauti ya upole, ya mtu aliyesoma: "Mama, tunatakiwa tumpige picha ya kichwa haraka, inalipiwa kwanza. Laki na themanini. Weka kwa namba hii ya mhasibu. Usikate, nakusubiri." Nyuma kuna mtoto analia. Mzazi gani atakaa chini apime maneno?

Jina la mtoto wamelitoa wapi? Kundi la WhatsApp la wazazi, picha ya mahafali yenye sare na nembo ya shule, na (mawakala wenzangu mnisamehe) madaftari yetu. Tunaandika jina na namba ya kila mteja, tunaliacha daftari wazi mezani, na aliye kwenye foleni anasoma au anapiga picha. Anayelipa ada anataja hadi jina la mtoto na shule, kwa sauti, mbele za watu. Funikeni madaftari. Mimi langu nalifungia kwenye droo, na ada namwomba mteja aandike mwenyewe kwenye karatasi anayoondoka nayo.

Dawa yake: kata, pigia shule kwa namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga au risiti ya ada. Haipatikani, mpigie mzazi mwenzako, au mtume bodaboda. Kama mtoto kweli yuko hospitali, walimu wako naye. Dakika hizo chache hazimdhuru.

Ya pili mnaijua, ya "nimekosea kutuma". Inaingia meseji kwamba umepokea elfu sitini, kisha simu ya mtu analia kuwa ilikuwa hela ya dawa. Meseji ya kweli huja kwa jina la huduma na hukaa pamoja na meseji zako za zamani za miamala. Ya tapeli mara nyingi imetoka kwenye namba ya kawaida na imekaa peke yake. Ila usiishie kwenye meseji, ingia kwenye menyu uangalie salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa. Na hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao ndio warudishe muamala. Wapo wanaotuma hela halisi, wanakuomba uirudishe kwa namba nyingine, kisha wanaomba muamala wa kwanza urudishwe. Unakatwa mara mbili, na mara nyingine hela yenyewe imeibwa kwa mtu wa tatu.

Ya tatu ni yetu mawakala. "Naongea kutoka makao makuu, tunaboresha laini za uwakala, fuata maelekezo au laini itafungwa." Namba yako ya uwakala anaijua. Ataachaje kuijua wakati umeipaka rangi ukutani? Anakupeleka hatua kwa hatua kwenye menyu, anakuambia uandike "namba ya uthibitisho", na hiyo namba ndiyo kiasi cha floti (hela ya kazi iliyo kwenye laini ya wakala) kinachohama kwenda kwake. Mkumbuke namba ya huduma kwa wateja kwa kampuni zote za simu Tanzania ni 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida na kujiita "kampuni", kata, kisha piga 100 mwenyewe.

Ya nne wengi hawaijui. Unaambiwa ubonyeze nyota nyota ishirini na moja nyota, halafu namba fulani, halafu alama ya reli, eti uhakiki laini au upokee zawadi. Msibonyeze! **21* ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba nyingine. Baada ya hapo anaingiza namba yako kwenye WhatsApp ya simu yake, anaomba tarakimu sita zije kwa kupigiwa, na simu hiyo inaita kwake. Anaingia kwenye WhatsApp yako na kuanza kukopa kwa ndugu zako kwa jina lako. Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa, piga *#21#. Kufuta, ##21#, au ##002# kufuta kila aina ya uelekezaji. Kisha kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo hata akizipata tarakimu sita, atakwama kwenye namba ya siri uliyoiweka.

Mwenye kisa aweke hapa, na tusaidiane.

---

Mpita Njia

Mkuu asante kwa elimu, ila tuseme ukweli. Wanaopigwa wengi ni tamaa zao. Umeshinda milioni kumi, unatuma elfu hamsini ya "kutoa mzigo". Huyo wa kumhurumia?

---

Wakala wa Kona

Mkuu, wa zawadi wapo, sikatai. Lakini niliowaona dirishani kwangu wengi wamekuja kwa hofu ya mtoto, kwa huruma ya mtu anayelia kwenye simu, au kwa kumtii anayejiita afisa. Yule mzee anayepigiwa na "mwenye nyumba" kuwa ile kodi aitume kwa namba hii nyingine, tamaa yake iko wapi? Anataka kulipa deni lake kwa wakati. Maneno ya "ni tamaa" ndiyo yanayowafanya waliolizwa wanyamaze, na wakinyamaza, namba haitolewi taarifa, inaendelea kuliza wengine. Mimi mtu akilizwa sitaki aone aibu kuja kuniambia.

---

Baba Mapacha

Mimi natumia Truecaller, ile programu ya kuonyesha jina la anayepiga, tapeli akipiga kunakuja rangi nyekundu. Hiyo haitoshi?

---

Wakala wa Kona

Inasaidia kupunguza usumbufu, hasa namba ambazo watu wengi wameshazilalamikia. Ila jina unaloliona pale limetoka kwa watumiaji wenyewe. Mtu anaweza kujiandika "Huduma kwa Wateja" au "Dkt" na wewe ukaliona hivyo hivyo. Laini mpya haina malalamiko yoyote, kwa hiyo haitakuja nyekundu. Jina la maana zaidi ni lile linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri, jina la usajili wa mpokeaji. Na hapo nao wamejipanga: "jina litakuja la mke wangu", "litakuja la mhasibu". Mtu akikuandaa mapema kwa jina litakalotokea, simama hapo hapo.

---

Mtoto wa Pwani

Naandika kutoka Mombasa. Huku kwetu wakora hawa wana historia ndefu, simu nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa zikihusishwa na gereza la Kamiti, na wale wa kubadilisha laini wakihusishwa na Mulot, mji mdogo huku Kenya. Safaricom wenyewe hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Meseji ya ulaghai tunaipeleka 333, bila malipo. Pesa ukituma kimakosa, unapeleka ile meseji ya muamala kwenda 456 na wao wanashughulikia, hakuna haja ya kubembelezana na mtu kwenye simu.

Ningeongeza moja. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla, wenzako wote wana mtandao, usilale. Huenda laini yako imehamishwa kwenye kadi nyingine na mtu aliyekwisha kukutoa nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa maswali ya upole wiki iliyopita. Tafuta simu ya jirani upigie kampuni yako na benki yako papo hapo. Kwa Safaricom kuna *100*100#, unazuia laini yako isibadilishwe na wakala yeyote mpaka ufike dukani kwao wewe mwenyewe.

---

Wakala wa Kona

Ahsante sana, ndugu yangu. Hilo la mtandao kupotea ghafla lilitakiwa liwe kwenye bandiko la kwanza. Kwa Tanzania, namba au meseji ya kitapeli unaripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha unafuata maelekezo na kuweka namba ya tapeli. TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwenye takwimu zao za kila robo mwaka huonyesha majaribio ya ulaghai kwa mikoa, na Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa juu mara kwa mara. Takwimu hizo zinatokana na namba zinazoripotiwa, kwa hiyo usifute tu ukaendelea na shughuli.

---

Dereva wa Usiku

Wakuu, mimi napigiwa usiku na namba za nje, +232, +222, inaita mara moja inakata. Nikapata na ujumbe kwenye kundi kuwa ukipokea tu, hela zote zinahama, na ukisema "ndiyo" wanarekodi sauti yako. Kuna ukweli?

---

Wakala wa Kona

Vina ukweli nusu nusu, mkuu, ngoja nitenganishe.

+232 ni Sierra Leone, +222 ni Mauritania. Kama huna mtu huko, usipige. Lengo la kuita mara moja na kukata ni udadisi wako ukupeleke kupiga wewe. Ukipiga unaingia kwenye namba ya gharama kubwa, unasikilizishwa muziki au unaambiwa usubiri, na sehemu ya salio lako inakwenda kwa waliopanga mchezo. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu simu hizi hizi, na +222 ilitajwa. Zuia namba, lala.

Kupokea peke yake hakuhamishi hela. Neno "ndiyo" nalo halifungui akaunti yako ya simu, inayofungua ni namba ya siri. Simu zinazoita ukapokea kukawa kimya, nyingi zinapigwa na mashine kujua kama namba ina mtu. Ukisikia kimya, usianze kujitambulisha.

Ila suala la sauti msilidharau. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya Rais Biden iliyotengenezwa na kompyuta, ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Mwezi uliofuata FCC ikatangaza kuwa simu za mashine zenye sauti za namna hiyo ni haramu. Kwa hiyo ukisikia sauti ya mdogo wako inalia kuwa amekamatwa, kata vile vile, mpigie kwa namba yake unayoijua. Nyumbani kwangu tumekubaliana swali moja ambalo jibu lake halipo popote mtandaoni. Anayeomba hela kwa dharura anaulizwa hilo kwanza.

---

Binti Mkubwa

Kaka shikamoo. Shida yangu ni mama. Yuko Tanga, umri umeenda, na hawezi kumkatia mtu simu. Kila nikimwambia ananijibu "mwanangu, mtu ananisalimia vizuri, ananiita mama, nimkatieje?" Wameshampigia wakijifanya wa pensheni. Bahati nzuri hakuwa na salio.

---

Wakala wa Kona

Marahaba, dada. Hili ndilo gumu kuliko yote, na nimelifikiria sana.

Matapeli wanawafuata wazazi wetu kwa sababu ya adabu waliyolelewa nayo. Mzee wa kwetu anapokea simu kama anavyopokea mgeni mlangoni: salamu ndefu, habari za nyumbani, na mgeni hafukuzwi. Tapeli anaanza na "shikamoo mama", anaulizia afya, akishapewa marahaba ameshaingia ndani. Ukimwambia mama "kata simu", umemwambia awe mkorofi, na hatafanya.

Kwa hiyo mpe maneno ya kuaga. Mama mkwe wangu tulimfundisha sentensi moja: "Mwanangu, mambo ya hela anayajua kijana wangu, nitamwambia akupigie. Haya, kwaheri." Ni ya heshima, haina ugomvi, na inamaliza mazungumzo. Tulifanya mazoezi, mimi najifanya wa pensheni, yeye ananiaga, hadi akazoea. Siku simu ya kweli ya kitapeli ilipoingia aliaga hivyo hivyo, yule mtu akaanza kufoka. Mama mkwe akasema mwenyewe, "Huyu si mtu wa ofisini." Hapo nilifurahi sana.

Zaidi ya hapo, muulize mama kama atakubali abakishe kidogo tu kwenye simu na kiasi kikubwa kikae benki. Na kaongee na wakala wake wa jirani, mwambie "mama yangu akija simu iko sikioni, nipigie kabla hujamwekea." Wakala mwenye utu hatakataa. Mimi nina wazee kadhaa ambao namba za watoto wao nimezibandika ndani ya mlango wa kabati.

---

Mkazi wa Mabibo

Samahani wakuu naingilia. Nimetuma elfu tisini nusu saa iliyopita, mtu kajifanya mwalimu wa mwanangu. Mtoto nimeshampata, yuko darasani mzima. Nifanye nini??

---

Wakala wa Kona

Pole sana. Kwanza mtoto mzima, mshukuru Mungu.

Sasa hivi, kabla hujasoma zaidi, piga 100 kwa laini uliyotumia. Waambie umetapeliwa, wape namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye meseji, omba wazuie hela kama bado ipo kwa mpokeaji. Usifute meseji wala rekodi ya simu. Ukimaliza tuma UTAPELI kwenda 15040. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, fungua jalada upewe RB (namba ya taarifa yako polisi). Kosa hili liko chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hayo mambo ya simu hatuyashughulikii". Polisi ndio wanaoweza kuitaka kampuni itoe taarifa za mwenye laini, wewe ukienda dukani peke yako hawatakupa.

---

Mkazi wa Mabibo

Nimepiga. Elfu sabini ilishatolewa, elfu ishirini wamesema wameizuia na laini imefungwa. Naelekea kituoni.

---

Wakala wa Kona

Umefanya vizuri kuwahi. Kituoni taja muda kamili wa simu na wa muamala, na maneno waliyotumia, hasa jina la hospitali waliyoitaja, maana wanalirudia kwa wengine. Toa taarifa shuleni pia leo hii hii, wazazi wengine wa darasa hilo wanaweza kupigiwa mchana.

Na ujiandae kwa simu nyingine. Siku chache zijazo anaweza kukupigia mtu akijiita mpelelezi au afisa wa kampuni, anaijua ile elfu tisini na saa uliyoituma, anasema hela imepatikana na inahitaji elfu kumi na tano ya kuifungua. Ni wale wale. Mpelelezi wako utamjua kwa kwenda kituoni na RB yako mkononi, umwone kwa macho.